Dau la Peni Sita: Tony Hoare na kazi ya kufundisha algoriti

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi katika siku ya wazi ya idara ya sayansi ya kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu Jumamosi asubuhi, na nyinyi vijana, ambao najua baadhi yenu mko hapa kwa sababu karatasi ya mahudhurio inazungushwa: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nieleze profesa wa sayansi ya kompyuta anafanya nini hasa, maana mtaani jibu halijulikani. Shemeji yangu anajua mimi ni mtu wa kompyuta, basi printa yake ikigoma hunipigia simu. Simlaumu. Daktari anatibu, wakili anatetea, mhandisi wa barabara unamwona na kofia yake juani. Mtu anayesema "mimi natafiti algoriti" akifika ofisini anafanya nini?

Algoriti ni utaratibu wa kufanya jambo hatua kwa hatua, ulioelezwa wazi kiasi kwamba hata mashine isiyojua lolote ikiufuata itafika. Mtafiti anatafuta utaratibu ulio bora kuliko uliopo, anathibitisha kwamba hauwezi kukosea, kisha anahesabu gharama yake: hatua ngapi, kumbukumbu kiasi gani. Halafu, saa nne asubuhi, anaingia darasani kufundisha. Watu wengi, hata wenzangu wengine kazini, wanaona kufundisha ni kodi tunayolipa ili turuhusiwe kutafiti. Mimi naona ni kazi ile ile moja. Sitawaomba mnikubalie kwa heshima ya mvi zangu. Nitawasimulia habari za mtu mmoja, Tony Hoare, kisha mtaamua wenyewe.

Hoare ni Mwingereza aliyezaliwa Colombo mwaka 1934, wakati Sri Lanka ikiitwa Ceylon na ikiwa koloni. Chuo Kikuu cha Oxford alisoma Kilatini, Kigiriki na falsafa. Vijana wa mchepuo wa sanaa mnaoambiwa kwamba kompyuta haiwahusu, hapo sikilizeni vizuri. Alipoitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, akawekwa katika jeshi la wanamaji, na huko wakamfundisha Kirusi. Mwaka 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Moscow kama mwanafunzi mgeni, akisoma nadharia ya uwezekano, somo ambalo gwiji wake pale alikuwa Kolmogorov.

Akiwa Moscow, maabara moja ya serikali ya Uingereza ilikuwa na mradi wa kutafsiri Kirusi kwenda Kiingereza kwa mashine, na suala hilo likamfikia. Kompyuta za siku zile hazikuwa na nafasi ya kuweka kamusi nzima ndani. Kamusi ilikaa kwenye utepe wa sumaku, mrefu, uliopangwa kwa alfabeti, na utepe husomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho kama kaseti zetu za zamani. Ukitaka neno lililoko mwisho kisha neno lililoko mwanzo, utazungusha utepe mbele na nyuma hadi jua litue. Dawa yake ni kuyapanga kwanza maneno ya sentensi kwa alfabeti, ndipo utepe upite mara moja tu na kuyaokota yote njiani.

Kwa hiyo tatizo lake la kwanza lilikuwa dogo na la kawaida kabisa: panga maneno haya kwa alfabeti, haraka.

Njia iliyomjia kwanza ni ile inayomjia kila mtu, kulinganisha jirani na jirani, ukibadilishana nafasi, tena na tena mpaka patulie. Akaipigia hesabu, akaona inakua vibaya: maneno yakiongezeka mara kumi, kazi inaongezeka mara mia. Akatafuta njia nyingine. Iliyomjia ndiyo leo inafundishwa kila chuo duniani kwa jina la Quicksort, yaani kupanga kwa haraka. Nataka muione inavyofanya kazi, kwa sababu kusikia kwamba mtu aligundua kitu bila kukiona ni sawa na kusifiwa pilau ya nyumba ya jirani.

Walimu wa sekondari mliopo mnaijua meza yenye karatasi za mtihani zilizochanganyika. Tuseme ziko nane, kwa mpangilio huu kutoka kushoto: Neema, Juma, Zuhura, Asha, Musa, Baraka, Rehema, Hamisi. Tuchague jina moja liwe kigezo. Tumchague Juma. Sasa weka kidole cha mkono wa kushoto mwanzoni mwa safu na cha kulia mwishoni. Kidole cha kushoto kitembee kuelekea kulia, kisimame kikikuta jina linalomfuata Juma kialfabeti, au Juma mwenyewe. Kidole cha kulia kitembee kuelekea kushoto, kisimame kikikuta jina linalomtangulia Juma, au Juma mwenyewe. Vikisimama vyote, majina mawili yaliyo chini ya vidole yanabadilishana nafasi.

Cha kushoto kinasimama palepale kwa Neema. Cha kulia kinasimama palepale kwa Hamisi. Wanabadilishana: Hamisi anakuja mwanzo, Neema anakwenda mwisho. Songa. Cha kushoto kinamkuta Juma mwenyewe, kinasimama. Cha kulia kinamruka Rehema, kinasimama kwa Baraka. Wanabadilishana. Songa tena. Cha kushoto kiko kwa Zuhura. Cha kulia kinamruka Musa, kinasimama kwa Asha. Wanabadilishana. Songa tena, na sasa vidole vimepishana. Basi, tumemaliza.

Tazameni meza: Hamisi, Baraka, Asha, halafu Zuhura, Musa, Juma, Rehema, Neema. Safu bado haijapangika, lakini kuna jambo kubwa limetokea kwa mabadilishano matatu tu. Watatu wa kushoto hakuna hata mmoja anayemfuata Juma, na watano wa kulia hakuna hata mmoja anayemtangulia. Kuanzia hapa pande hizi mbili hazina haja ya kujuana tena. Asha hatalinganishwa na Zuhura maisha yake yote. Panga watatu kwa njia hiyo hiyo, panga watano kwa njia hiyo hiyo, vipande vikifika jina moja moja, kazi imekwisha.

Faida yake ni nini? Ukiwa na majina 1,000 na ukalinganisha kila jina na kila jina, utafanya milinganisho 499,500. Kwa njia ya Hoare, kwa wastani, ni kama 11,000. Majina yakiwa milioni moja, ya kwanza inahitaji karibu bilioni 500, ya pili kama milioni 25. Mashine inayofanya milinganisho milioni 100 kwa sekunde itakuweka kwenye benchi zaidi ya saa moja na dakika ishirini kwa njia ya kwanza, na kwa njia ya pili itakujibu ndani ya robo sekunde. Mashine ni ile ile, umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni fikra tu. Wazazi wanaoniuliza kama mtoto akisoma fani hii lazima anunuliwe kompyuta ya bei mbaya, jibu langu liko kwenye hesabu hiyo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Hoare alikuwa na wazo, na alijua ni zuri. Alipojaribu kuliandika kama programu kwa lugha aliyokuwa nayo wakati ule, sehemu ya vidole viwili ikaandikika. Akakwama kwenye vipande vinavyobaki. Ukishagawa safu una vipande viwili. Ukigawa kimoja una vitatu. Ukiendelea una lundo la vipande vinavyosubiri zamu, na lugha ile haikumpa njia nyepesi ya kusema "fanya hivyo hivyo kwa kila kimoja." Mimi na wewe tumelisema hilo sasa hivi kwa pumzi moja.

Mwaka 1960 akaajiriwa na Elliott Brothers, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza kompyuta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika, kwa ajili ya mashine ya Elliott 803, programu ya kupanga kwa njia iliyokuwa mpya wakati huo, ya mtu aitwaye Shell. Akaiandika. Kisha, kwa woga wa mfanyakazi mgeni, akamwambia bosi wake kwamba anadhani yeye ana njia ambayo kwa kawaida itaishinda hiyo. Bosi akaweka dau la peni sita kwamba hana. Hoare mwenyewe alisimulia kisa hiki mwaka 1980, alipopokea Tuzo ya Turing, ambayo kwetu ndiyo Nobel, na kuna jambo ndani yake ambalo wasimuliaji wengi hulipita: alikiri kwamba njia yake ilikuwa ngumu sana kuielezea. Bosi alikubali mwishoni na dau likalipwa, lakini ilimpasa Hoare atoke jasho kwanza. Mtu aliyeigundua hakuweza kuieleza vizuri kwa bosi aliyeijua kazi.

Kilichomfungua ni darasa. Mwaka 1961, msimu wa Pasaka, kulifanyika kozi mjini Brighton juu ya lugha mpya ya programu iitwayo ALGOL 60. Walimu walikuwa Peter Naur, Edsger Dijkstra na Peter Landin. Leo mwanafunzi wangu akisikia majina hayo matatu kwenye bango moja atauliza nauli ni kiasi gani. Pale Hoare alifundishwa kwamba utaratibu unaruhusiwa kujiita wenyewe ndani yake. Yaani ndani ya maelezo ya "panga" unaweza kuandika: gawa safu, kisha panga upande wa kushoto, kisha panga upande wa kulia. Lundo lote la vipande vinavyosubiri zamu linabebwa na lugha yenyewe. Kile kilichomshinda kukiandika kikawa mistari michache. Julai mwaka huo huo kikachapishwa katika jarida la Communications of the ACM kama algoriti namba 64, katikati ya namba 63, ambayo ni ule ugawaji wa vidole viwili, na namba 65, ambayo nitaigusa mwishoni. Mwaka 1962 akatoa makala ndefu yenye hesabu za gharama.

Naomba mlitazame hilo kwa utulivu. Kati ya wazo la Moscow na programu iliyochapishwa hakukuongezwa ugunduzi mwingine wa kupanga. Kilichoongezwa ni namna ya kusema. Na namna ile aliipata kwa walimu, kwenye viti vya mafunzo, kama nyinyi mlivyokaa hapo.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniambia "Mwalimu, nimeelewa, ila siwezi kueleza," humjibu kwamba yuko Moscow bado, hajafika Brighton. Sisemi kwa dharau. Moscow ni pazuri, ndiko wazo linakozaliwa. Lakini hapakaliki.

Vyuoni kwetu jambo hili lina sura yake. Tunafundisha kwa Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, kisha kipindi kikiisha nawakuta kwenye ngazi wakielezana kwa Kiswahili: "Kile kidole kinasimama hapa kwa sababu huyu ni mkubwa kuliko kigezo, umeona?" Nikitaka kujua nani ameelewa, husimama kidogo pale kwenye ngazi. Darasani mtu anaweza kukariri sentensi ya kitabu akapata alama zake. Kwenye ngazi, mbele ya mwenzake anayemkatiza kila sekunde, hana pa kujificha. Tangu niligundue hilo, maswali ya mdomo nayauliza kwa lugha yoyote ambayo mwanafunzi anaichagua, na wenzangu wananiona mkorofi. Nawavumilia.

Turudi kwa Hoare. Kampuni ilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kuifasiri ALGOL kwenye mashine zao. Aliifanya pamoja na Jill Pym, ambaye baadaye alikuwa mke wake, na ikawa kazi nzuri. Kuna uamuzi mmoja katika kazi ile ambao nauheshimu kuliko tuzo zake zote. Kila mara programu ya mteja ilipotaka kugusa kitu cha kumi katika safu, mashine ilihakikisha kwanza kwamba safu ile ina vitu kumi. Ukaguzi huo unakula muda, na muda wa mashine siku zile ulikuwa ghali. Baada ya miaka wakawauliza wateja kama wanataka kitufe cha kuuzima. Wote wakakataa, kwa sababu walishaona makosa hayo yanavyotokea mara kwa mara hata kwenye kazi za kila siku. Miaka mingi baadaye lugha zilizoenea duniani ziliutupa ukaguzi huo kwa ajili ya kasi, na sehemu kubwa ya matundu ya usalama yanayotangazwa hadi leo yanatokea mlango huo huo.

Baadaye akaongoza mradi mkubwa wa programu za mashine nyingine, ukaanguka vibaya. Kazi ya zaidi ya miaka thelathini, ukihesabu mwaka mmoja kwa kila mtu mmoja, ikatupwa. Mkubwa mmoja wa kampuni akampigia kelele kwamba kosa lake ni kuwaacha watu wake wafanye mambo ambayo yeye mwenyewe hayaelewi. Hoare alilisimulia hilo hadharani, mbele ya wanataaluma wenzake, siku ileile ya kupokea tuzo. Ni wangapi kati yetu, tukipewa kipaza sauti siku ya sherehe, tutachagua kusimulia siku tuliyofukiwa?

Mwaka 1968 akawa profesa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, Ireland ya Kaskazini. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya ghasia pale, mji wenye mabomu na vizuizi barabarani, na katikati ya hayo yeye alikuwa anatafuta jibu la swali ambalo kampuni haikuwa na muda nalo: nitajuaje kwamba programu ni sahihi, mbali na kuijaribu na kuomba Mungu?

Jibu lake la mwaka 1969, ambalo yeye mwenyewe alilijenga juu ya kazi ya Mmarekani Robert Floyd ya mwaka 1967, lina umbo rahisi. Kabla ya kila amri, andika lililo kweli. Baada ya amri, andika lililo kweli sasa. Kisha thibitisha kwamba amri ile inakutoa ukweli wa kwanza na kukufikisha ukweli wa pili. Ukiunga vipande hivyo mmoja baada ya mwingine, una uthibitisho wa programu nzima, kama wa jiometri ya kidato cha pili.

Nawaonyesha kwa karatasi zetu nane. Wakati vidole vinatembea, meza inabadilika kila mara. Lakini kuna kauli moja ambayo haibadiliki tangu mwanzo hadi vidole vinapopishana: kila jina ambalo kidole cha kushoto kimeshaliacha nyuma halimfuati Juma, na kila jina ambalo kidole cha kulia kimeshaliacha nyuma halimtangulii Juma. Mwanzo kauli ni kweli kwa sababu hakuna jina lililoachwa nyuma. Kidole kikisogea, kinaliacha tu jina lililo upande wake sahihi, kwa hiyo bado ni kweli. Majina yakibadilishana, kila moja linatua upande wake, kwa hiyo bado ni kweli. Vidole vikipishana, kila jina kwenye meza limeachwa nyuma na kidole kimoja au kingine. Basi meza imegawika. Hatukujaribu hata mfano mmoja, na tumethibitisha kwa majina nane, kwa majina milioni, na kwa majina ambayo wazazi wake hawajazaliwa.

Darasani kila mwaka kuna anayenyoosha mkono: "Mwalimu, Juma ndiye kigezo, mbona ameishia katikati ya kundi la kulia? Si ilibidi akae mpakani?" Swali zuri sana. Irudieni kauli. Kauli haikuahidi popote kwamba Juma atakaa mpakani. Iliahidi tu nani hatakuwa upande upi. Anayeikumbuka programu kwa sura yake hubabaika hapo. Anayeijua kauli hubaki ametulia.

Mimi nafundisha hivyo, kalamu kwanza, kibodi baadaye, na kila muhula nalalamikiwa. Sasa malalamiko yamepata nguvu mpya: programu za akili bandia zinaandika Quicksort kabla hujamaliza kuuliza. Kijana mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa kwa nini ajichoshe. Nikampa programu iliyoandikwa na mashine hiyo, ya kugawa safu kwa vidole viwili, nikaibadilisha alama moja, mahali penye "ndogo kuliko" nikaweka "ndogo kuliko au sawa na". Nikamwambia aniambie kama ni sahihi. Akaijaribu kwa mifano yake, yote ikapita. Nikampa safu ambayo majina yote ni Juma. Kidole kikapita juu ya akina Juma wote bila kusimama, kikatoka nje ya safu. Kwenye meza kingeanguka sakafuni, ndani ya mashine kinaingia kwenye kumbukumbu isiyo yake. Kauli ingemwambia hilo mapema, kama angelikuwa nayo.

Lakini upande wa pili nao upewe haki yake. Hoare alitegemea kwamba siku moja waandishi wa programu watathibitisha kazi zao kwa hesabu, na hawakufanya hivyo, wengi wao. Mwaka 1996, akiwa profesa Oxford tangu 1977, aliandika makala akiuliza imekuwaje programu zikawa za kutegemewa kiasi hiki bila uthibitisho. Majibu aliyotoa yalikuwa ya mtu aliyekwenda kuangalia: usimamizi mzuri, majaribio mengi, kujihami ndani ya programu. Mwaka 2009 akasimama London akaomba radhi kwa jambo alilobuni mwaka 1965, rejeo tupu, yaani kuiruhusu programu ishike anwani isiyoelekeza popote. Aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Kila mwanafunzi hapa aliyewahi kuona programu yake ikifa kwa sababu ya "null", yaani rejeo tupu hilo hilo, anamdai sehemu yake ya bilioni hiyo.

Sitapita kwenye kazi zake nyingine, ile ya mwaka 1978 juu ya programu zinazofanya kazi sambamba na kupeana ujumbe inahitaji asubuhi yake peke yake. Wanaotumia lugha ya programu iitwayo Go wanaitumia kila siku.

Nimebakiwa na deni moja kwenye Quicksort yenyewe, maana nilisema "kwa wastani" na mzee mmoja pale mbele amenikunjia uso. Una haki, mzee wangu. Ukichagua kigezo kibaya kila mara, ile milinganisho 499,500 inarudi yote. Kigezo kibaya ni kipi? Ni jina la kwanza au la mwisho kialfabeti, kwa sababu upande mmoja unabaki na jina moja na mwingine unabaki na wote. Sasa, ukizoea kuchagua karatasi ya kwanza kama kigezo, safu itakayokuua ni ile ambayo tayari imepangwa. Na orodha zetu nyingi huja zimepangwa tayari! Majina ya darasa, namba za mtihani, daftari la wakazi. Njia ya haraka inachoka mahali ambapo hapakuwa na kazi. Dawa Hoare aliitaja mwenyewe mwaka 1962: chagua kigezo kwa bahati nasibu. Ukipiga kura, hakuna orodha iliyo mbaya tena, kuna bahati mbaya tu, na bahati mbaya mfululizo kiasi hicho haitokei katika maisha ya mashine. Watu wameendelea kuirekebisha njia hii. Mwaka 2009 Mrusi Vladimir Yaroslavskiy alipendekeza kutumia vigezo viwili kwa pamoja, na lugha ya programu ya Java ikaichukua njia hiyo mwaka 2011. Nusu karne baada ya dau la peni sita.

Na ile algoriti namba 65. Jina lake ni Find. Tuseme mwalimu ana karatasi 1,000 na mkuu wa shule anataka alama ya katikati tu, ile ambayo nusu ya darasa wako chini yake na nusu wako juu. Hahitaji orodha nzima. Je, lazima apange zote? Mnayo meza, mnao vidole viwili, mnayo kauli. Gawanya mara moja, kisha jiulize kundi lipi kati ya mawili halina haja ya kuguswa tena. Nimeweka karatasi nane nyingine pale karibu na mlango, na safari hii nimewaachia wenyewe mchague kigezo.

Mwenyekiti, nadhani dakika zangu zimekwisha. Nipokee maswali, na yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Juma aanze.